Tiba ya kukosa usingizi na wasiwasi kwa simu: kuna ushahidi wa kitabibu au ni biashara tu?

#1 Mkesha wa Mbagala
Wakuu habari. Nina tatizo la usingizi la muda mrefu. Naingia kitandani saa nne, nakodolea macho paa hadi saa nane, na usingizi unakuja alfajiri wakati natakiwa niamke niwahi daladala. Wasiwasi nao haupo mbali: moyo unakwenda mbio, nawaza ada, nawaza kodi, nawaza hata maneno niliyoambiwa kazini mwaka juzi. Nilipokwenda hospitali nilisikilizwa dakika chache, nikaandikiwa vidonge, nikatoka.

Sasa mdogo wangu ananiambia Ulaya na Marekani kuna programu za simu zinazotibu haya mambo, na zimepitishwa na mamlaka za dawa. Si zile za kusikiliza sauti ya mvua. Swali langu ni hili: zimepimwa kwa wagonjwa kama dawa zinavyopimwa, au watu wanauziwa matumaini kwa sababu wamechoka?

#2 Zai wa Tanga
Nimekaa hapa nasubiri. Namba moja ni kama umeandika habari zangu.

#3 Mzee wa Pwani
Wanangu, simu hiyo hiyo iliyowaibia usingizi ndiyo mnataka iwarudishie? Zima simu baada ya Isha, soma Ayatul Kursi, lala ubavu wa kulia. Sisi hatukuwa na programu na tulilala.

#4 Takwimu Kwanza
Shikamoo Mzee, dua haina ubishi. Ila kijana kauliza ushahidi, ngoja nimpe.

Kwa upande wa usingizi, zimepimwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, kilitoa mwongozo kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanzishiwe tiba ya kubadili fikra na tabia, inayoitwa CBT-I, kabla ya kufikiria kidonge. Kikwazo ni kwamba wanaojua kuitoa ni wachache hata huko kwao. Ndiyo maana ikawekwa kwenye kompyuta na baadaye kwenye simu.

Chukua Sleepio ya Uingereza. Utafiti wa 2012 ulikuwa na watu 164, wakagawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu: wa kwanza wakapewa programu yenyewe, wa pili programu ya bandia inayofanana nayo kwa sura, wa tatu wakaendelea na matibabu yao ya kawaida. Kilichopimwa ni ile sehemu ya muda wa kitandani ambayo mtu amelala kweli. Kundi la kwanza lilipanda kwa asilimia 20, mengine mawili asilimia 6 kila moja. Hapo kwenye programu ya bandia ndipo pa kutazama, maana ni sawa na kumpa mtu kidonge kisicho na dawa.

Marekani kuna SHUTi ya Chuo Kikuu cha Virginia. Watu 303, matokeo yakatoka 2017: mwaka mmoja baadaye, asilimia 56.6 ya waliopewa programu hawakuhesabika tena kuwa na tatizo la usingizi. Norway wakairudia kwa watu 1,721, wakachapisha 2020, ikafanya vizuri tena kuliko tovuti ya maelezo ya kawaida. Majibu ya swali lako ni ndiyo, zimepimwa.

#5 Fundi Mitandao
Mkuu #4, umesahau kutaja kwamba mtafiti mkuu wa huo utafiti wa 2012, Profesa Colin Espie, ni mwanzilishi mwenza wa Sleepio. Mimi natengeneza programu, najua jinsi kampuni inavyochagua namba za kuonyesha. Halafu kama zinafanya kazi hivyo, mbona kampuni yenyewe imefilisika? Sleepio ilikuwa ya Pear Therapeutics na Pear ilikufa 2023.

#6 Takwimu Kwanza
La mwanzilishi ni kweli na ni haki kulitaja. La pili umechanganya. Pear walikuwa na Somryst, ambayo ni ile SHUTi iliyobadilishwa jina, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, waliipitisha Machi 2020. Pear waliomba kinga ya kufilisika Aprili 2023 kwa sababu kampuni za bima za Marekani hazikukubali kulipia. Sleepio ni ya Big Health na ipo. Toleo lake la Marekani, SleepioRx, lilipitishwa na FDA Agosti 2024, na mwezi uliofuata ikapitishwa ndugu yake ya wasiwasi, DaylightRx. Kabla ya hapo, Mei 2022, NICE, wale wanaoishauri huduma ya afya ya Uingereza, walisema Sleepio inaokoa fedha ikilinganishwa na kuwapa watu ushauri wa kawaida na vidonge. Bei waliyoipigia hesabu ilikuwa pauni 45 kwa mtu.

Kampuni kufilisika ni habari ya mlipaji. Haielezi kama mgonjwa alilala.

#7 Bantu wa Berlin
Niko Ujerumani, nimeitumia moja kwa hiyo naweza kusema kitu. Huku sheria ilipita mwishoni mwa 2019 na programu za kwanza zikaingia kwenye orodha ya serikali Oktoba 2020. Daktari anakuandikia kwenye cheti kama dawa, unapeleka kwa bima yako ya afya, wanakupa namba ya kufungulia, unatumia siku 90. Ya usingizi inaitwa somnio. Ya wasiwasi inaitwa velibra. Hulipi kitu mfukoni.

Watu wasifikiri ni kulala na kusikiliza sauti nzuri. Kila asubuhi unajaza: uliingia kitandani saa ngapi, ulipata usingizi saa ngapi, uliamka mara ngapi. Baada ya hapo inakuambia marufuku kuingia kitandani kabla ya saa saba usiku, na lazima utoke saa kumi na mbili na nusu, hata kama ni Jumapili na hukulala. Wiki za mwanzo nilikuwa kama mlevi. Nilisinzia kwenye treni nikapitiliza kituo. Baadaye usingizi ukaanza kuja wenyewe na ukawa mzito. Sijui kama ni programu iliyoniponya au ni kule kuchoka, lakini nalala.

#8 Nesi wa Zamu
#7 umegusa penyewe. Naomba nieleze hapo maana watu wanadhani siri ipo kwenye simu.

Kinachofanya kazi kubwa ni kubana muda wa kitandani. Arthur Spielman aliandika juu yake 1987, simu hizi hazijazaliwa. Tuseme mtu anakaa kitandani masaa tisa lakini amelala matano na nusu tu. Gawanya: ni asilimia 61. Yale masaa mengine matatu na nusu anaufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kugaagaa na kuwaza madeni. Basi unampa masaa matano na nusu tu ya kuwa kitandani. Usingizi ukijaza karibu muda wote huo, kama asilimia 85 au 90, unamuongezea dakika 15. Wiki ijayo 15 nyingine. Chini ya masaa matano hatumshushi.

England walijaribu kipande hiki peke yake, kwa manesi wa kawaida wa vituo vya afya, si wanasaikolojia. Wagonjwa 642, vikao vinne vifupi, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2023, na walilala vizuri kuliko waliopewa karatasi ya ushauri tu. Hakukuwa na programu hapo. Kulikuwa na nesi, kalamu na karatasi. Mimi naona kwetu njia ingekuwa hiyo.

#9 Zai wa Tanga
Dada Nesi, hiyo ya kubana muda nimeielewa. Lakini kuna ile nyingine nimeisoma, kwamba ukikaa kama robo saa bila usingizi uondoke kitandani uende chumba kingine mpaka usingizi uje. Chumba kingine kipi? Tuna chumba kimoja, watoto wawili, pazia katikati. Nikitoka nje ya neti saa nane usiku mbu wananimaliza, nikiwasha taa nimeamsha nyumba nzima.

#10 Nesi wa Zamu
Zai, hilo ndilo nakutana nalo kila siku. Ushauri huo wa kuondoka kitandani ni wa Richard Bootzin, wa 1972, na aliutoa akiwa na nyumba za Marekani kichwani. Ninachowaambia mama zangu: kaa, usilale. Keti ndani ya neti upande wa miguuni, egemea ukuta, mgongo uwe wima, jifunike khanga mabegani. Kama una tochi ndogo soma kitu kisicho na habari za nyumbani. Ukianza kusinzia rudi kwenye mto. Kinachotakiwa ni ule mto usizoee mawazo. Sina utafiti wa kukuonyesha kwa hili la kukaa miguuni mwa kitanda, ni uzoefu wa wodini na mtaani.

#11 Mfamasia wa Kona
Nitumie nafasi hii. Watu wanaokuja dukani kuniomba Piriton ili walale, ile ni dawa ya mzio. Inakusinzisha siku chache, mwili unaizoea, kesho yake kichwa kizito mpaka mchana. Na wanaotumia diazepamu, ile ya kutuliza na kulaza, kwa miezi, msiiache ghafla kwa sababu mmesoma uzi huu. Mtu akiikata siku moja anaweza kupata degedege. Inashushwa kidogo kidogo na daktari.

Mkesha, vidonge ulivyoandikiwa ni vipi?

#12 Mkesha wa Mbagala
Amitriptilini, mkuu. Nimeshukuru wote, nasoma kila kitu.

#13 Mwanasaikolojia Mtarajiwa
Naona mmezungumza usingizi tu, na Mkesha kataja wasiwasi. Hapo ushahidi ni mwembamba zaidi, tusiwachanganye watu.

Daylight ilipimwa kwa watu 256 wenye wasiwasi uliopitiliza, wakafanya vizuri. Lakini waliolinganishwa nao walikuwa wanasubiri foleni tu, hawakupewa kitu cha kuwashughulisha. Mtu anayejua amewekwa foleni hana sababu ya kujisikia nafuu, kwa hiyo tofauti inaonekana kubwa. Uchambuzi mmoja wa 2024 uliokusanya majaribio 176 ya programu za afya ya akili ulikuta athari kwa wasiwasi ni 0.26 kwa kipimo wanachotumia watafiti. Ipo, lakini ni ndogo. Na Woebot, ile roboti ya kuchati: jaribio lake la 2017 lilikuwa na vijana 70 kwa wiki mbili. Sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoisha, ilipungua zaidi kwa waliochati, ila wasiwasi ulipungua kwa makundi yote mawili, hata kwa waliopewa kitabu cha kusoma. Programu yenyewe ilifungwa Juni 2025.

Kwa hiyo ukiniuliza usingizi, nasema ndiyo. Wasiwasi, nasema subiri kidogo.

#14 Takwimu Kwanza
#13 nakubaliana na nusu. Kuna utafiti unaoitwa OASIS, wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza, ukatoka 2017, ukalipiwa na mfuko wa utafiti wa Wellcome Trust. Walitibiwa usingizi tu, kwa Sleepio. Pamoja na usingizi, wasiwasi na sonona navyo vikashuka, hata zile hisia za kudhani watu wanakufuatilia. Australia, 2016, watu 1,149 wenye usingizi mbovu na dalili za mwanzo za sonona: wakatibiwa usingizi kwa SHUTi, sonona ikapungua. Inawezekana kabisa kwamba Mkesha hana magonjwa mawili. Ana usingizi mbovu unaozalisha wasiwasi.

#15 Mwanasaikolojia Mtarajiwa
Au ana wasiwasi unaozalisha usingizi mbovu. Huo OASIS wako, soma kwa ndani: kati ya waliopewa programu ni asilimia 18 tu waliofika kikao cha sita, cha mwisho. Nusu hawakufika hata kikao cha pili. Sasa nani alifika mwisho? Mwenye nidhamu, mwenye muda, ambaye pengine angepona hata kwa daftari.

#16 Fundi Mitandao
Na hao ni wanafunzi wa utafiti, wanaotumiwa barua pepe za kuwakumbusha. Huku nje hali ni mbaya zaidi. Kuna watafiti waliopima programu 93 za afya ya akili zilizopakuliwa na watu wa kawaida: baada ya siku 30, waliokuwa bado wanafungua ni kama asilimia 3.3. Hiyo namba tunaijua sisi watengenezaji na hatupendi kuisema. Dawa inayomezwa na watu watatu kati ya mia, hata iwe nzuri vipi, imemtibu nani?

#17 Takwimu Kwanza
Fundi, hiyo 3.3 ni ya programu za kila aina, nyingi zikiwa hazijawahi kupimwa popote. Usiibandike kwa zile za usingizi. Na mwanangu #15, waliogawanywa kwa bahati nasibu wanahesabiwa wote, hata walioacha. Wastani wa kundi zima ulipanda wakati wengi waliacha njiani. Hilo linaipa programu nguvu, haliipunguzii.

#18 Mzee wa Pwani
Marahaba zenu zote. Nimesoma mpaka hapa. Huyo nesi wa kalamu na karatasi ndiye nimemuelewa. Mtu akikaa na mtu, roho inatulia.

#19 Mkamba wa Makueni
Mzee, uko na pointi. Uholanzi waliwahi kulinganisha moja kwa moja, 2016: wagonjwa 90 wa kukosa usingizi, wengine mtandaoni wakiwa na mshauri, wengine ana kwa ana, wengine wakisubiri. Mtandao ulisaidia, lakini ana kwa ana ilishinda. Hapa kwetu Kenya, wanawake 421 wa Nairobi walipitia mpango wa WHO unaoitwa PM+, ukiendeshwa na wahudumu wa jamii waliofunzwa, na msongo ukapungua. Zimbabwe wana Friendship Bench ya Dixon Chibanda, nyanya wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Imefika mpaka Zanzibar.

Lakini msiseme ya simu hatujajaribu. Watafiti wa Shamiri, taasisi ya Kenya ya afya ya akili ya vijana, walijaribu kikao kimoja cha kompyuta kwa wanafunzi 103 wa sekondari Kenya, ikachapishwa 2020. Dalili za sonona zilipungua. Ni kikao kimoja tu, na si cha usingizi, kwa hivyo haijibu swali la Mkesha. Inaonyesha tu kwamba vijana wetu watakaa mbele ya skrini wamalize.

#20 Zai wa Tanga
Ya kwenu Kenya ni ya Kiingereza au Kiswahili? Maana hizo zote mlizotaja mimi siwezi kumpa mama yangu.

#21 Mkamba wa Makueni
Ilikuwa Kiingereza, dadangu, ni ya shule. Kwa Kiswahili kuna vipimo. Yale maswali saba ya wasiwasi, GAD-7, yalitafsiriwa na kupimwa Kilifi kwa watu wanaoishi na VVU, yakafanya kazi. Kipimo tuko nacho. Programu ya usingizi ya Kiswahili iliyopimwa kwa wagonjwa wa huku mimi sijakutana nayo.

#22 Fundi Mitandao
Hapo ndipo ninapokasirika. Kuitengeneza si kazi: fomu ya kila asubuhi, hesabu ya kugawanya, ujumbe wa kukumbusha. Inaweza kwenda hata kwa SMS kwenye simu ya kitochi, bila bando. Kazi ni kuwapata wagonjwa mia kadhaa, kuwagawa kwa haki, na kuwafuatilia mwaka mzima. Nani atalipia? Bima zetu hata kikao cha mwanasaikolojia zinakwepa.

#23 Bantu wa Berlin
Hata huku Ujerumani bima zinalalamika kila mwaka kwamba bei ni kubwa kuliko faida. Msidhani kwetu ni peponi.

#24 Mama wa Soko la Alfajiri
Jamani mimi naamka saa tisa usiku kwenda kuchukua mboga. Nalala saa tano usiku kwa sababu jirani ana baa na spika ziko dirishani kwangu. Hiyo programu itamzimia jirani muziki? Mimi siamini nina ugonjwa. Nina jirani.

#25 Nesi wa Zamu
Mama, wewe hauko kwenye kundi hili, na umesema jambo la maana. Mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi ni yule anayepata nafasi ya kulala na bado halali. Wewe nafasi huna. Kukubana muda zaidi ni kukuumiza. Baa hiyo peleka kwa mtendaji wa mtaa, nenda na majirani, msiende mmoja mmoja.

#26 Mwanasaikolojia Mtarajiwa
Na hii ndiyo hofu yangu kwa hizi programu zote. Swali la kwanza lingekuwa "jirani yako ana baa?" na hakuna programu inayouliza hivyo.

#27 Takwimu Kwanza
Hata daktari wa Mkesha hakuuliza.

#28 Dereva wa Masafa
Wakuu nimechelewa kuingia. Naendesha lori Dar hadi Tunduma. Nimeipenda hii ya kubana masaa, haina gharama, nataka nianze wiki hii. Usingizi wangu ni wa kukatika katika. Mke wangu anasema nakoroma sana, halafu nanyamaza kama sipumui, halafu nashtuka kwa nguvu. Mchana nachoka sana. Nianze na masaa mangapi?

#29 Nesi wa Zamu
Kaka Dereva, usianze. Soma tena maneno ya mkeo: unakoroma, unakata pumzi, unashtuka. Hilo linaweza kuwa tatizo la njia ya hewa kuziba usingizini, na kubana muda hakulitibu. Kutakuongezea usingizi wa mchana ukiwa kwenye usukani. Hata kwa wasio na tatizo hilo, madereva, wenye kifafa na wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka hatuwaanzishii bila daktari kuwafuatilia.

Nenda hospitali ya rufaa, kitengo cha masikio, pua na koo. Pima presha siku hiyo hiyo, na uende na mkeo, maana anayoyajua yeye wewe huyajui, ulikuwa umelala. Kabla ya safari ijayo niambie kitu kimoja: umewahi kusinzia ukiwa unaendesha?

#30 Dereva wa Masafa
Nimewahi. Naenda kesho.

#31 Mkesha wa Mbagala
Dada Nesi, mimi silali kwa kukoroma, nimemuuliza mwenzangu. Nimechora jedwali kwenye daftari la mraba: kuingia, kusinzia, kuamka, kutoka. Niijaze wiki moja kabla ya kubana, au mbili? Na amitriptilini niendelee nayo wakati huo huo?

#32 Mfamasia wa Kona
Jaza mbili. Dawa endelea kama ulivyoandikiwa, usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, hutajua kipi kimekusaidia. Na ukirudi kwa daktari, daftari hilo mpelekee.